Mpini wa mfupa unapopasuka, kutoa mafuta au kuachia chuma: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Hewa ya Lubumbashi humjaribu sana fundi anayetia visu mipini ya mfupa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu hewa imejaa unyevu. Mwezi wa tano mvua huwa imekatika, na kufikia mwezi wa nane hata midomo inapasuka. Mpini uliobandikwa mwezi wa pili, ukang'aa na kupendwa, hufunguka ufa kiangazi, na mteja hurudi akidhani kisu kizima ni kibovu. Mara nyingi chuma hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye mfupa uliochaguliwa, au kwenye namna ulivyotayarishwa kabla haujagusana na gundi.

Matatizo yafuatayo yamepangwa kwa kile kinachoonekana kwanza. Shika kisu, tafuta lenzi ndogo ya kukuza mara kumi kama ile ya masonara, angalia mpini kwenye mwanga wa jua, na usikimbilie kujaza gundi kabla hujajua chanzo. Ufa uliojazwa huku mfupa ungali na unyevu utafunguka tena pembeni yake.

Ufa mrefu unaofuata urefu wa mpini

Huu ndio ugonjwa unaoonekana kuliko yote. Kwanza tazama ufa unaanzia wapi. Ukianzia kwenye ncha ya kibao, yaani kipande bapa cha mfupa kinachobandikwa upande mmoja wa mpini, na kuingia ndani kwa mstari ulionyooka, mfupa ulikauka vibaya au haukuwa umekauka. Ukianzia kwenye pini, yaani kijiti cha chuma kinachopita kwenye vibao na mkia wa chuma (sehemu ya chuma iliyo ndani ya mpini), ruka hadi sehemu ya pini. Ukiona nyufa nyingi nyembamba zilizosambaa kama tope la dimbwi lililokauka, mfupa ulichemshwa kupita kiasi, ulipakwa javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), au uliungua kwenye mashine.

Mfupa hauna umbo moja kila upande. Kwa uzito, karibu theluthi mbili ni madini, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kolajeni, ile nyuzi inayoupa ustahimilivu, pamoja na maji. Mifereji midogo ya damu na nyuzi hizo hupita kwa urefu wa mfupa. Maji yakitoka, mfupa husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na kwa kuwa umebanwa na gundi juu ya chuma kisichosinyaa, huchanika pale ulipo dhaifu, yaani kufuata mifereji hiyo.

Dawa yake ni kukausha kabla, tena kwa subira. Kata mfupa kuwa vibao ungali mbichi au mara tu baada ya kuuondoa mafuta, ukiacha milimita 2 za ziada kila upande. Kibao cha milimita 7 hukauka upesi na kwa usawa kuliko mfupa mzima. Paka ncha zote mbili nta au gundi ya mbao ili maji yatoke polepole kupitia pande, kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndiko nyufa huanzia. Panga vibao kivulini, vijiti vyembamba vikiwa katikati yake ili hewa ipite. Visipigwe na jua wala visikae karibu na mbabula, jiko la makaa.

Kisha pima. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha ukipima fungu la vibao kumi kwa pamoja. Andika uzito kila wiki. Uzito usipobadilika kwa wiki mbili mfululizo, mfupa umelingana na hewa ya chumba chako. Kwa kawaida ni wiki nne hadi nane. Lakini "umelingana na hewa" katika mwezi wa kwanza si sawa na mwezi wa nane: kibao kilichotulia wakati wa mvua kitaendelea kusinyaa kiangazi kikifika. Kwa hiyo sisi tunashauri akiba ya mwaka mzima ikaushwe kati ya mwezi wa saba na wa tisa, kisha ifungwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, itolewe kipande kimoja kimoja siku ya kubandika. Fundi wa Bukavu au Goma, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hana kiangazi kirefu kama hiki cha kumsaidia. Sanduku lenye taa ndogo ya joto hafifu ndani yake linaweza kumfaa, mradi joto lisizidi lile la mkono wako.

Kukausha huku ni muhimu hata zaidi kisu kikisafiri. Nyumba za Ulaya zinazotiwa joto wakati wa baridi mara nyingi zina hewa kavu sana.

Kibao kilipasuka ingawa kilikauka vizuri: mfupa wenyewe haukufaa

Hapa ndipo uchaguzi unapofanya kazi, na ni afadhali kutumia nusu saa mbele ya meza ya mchinjaji kuliko siku tatu kurekebisha. Mifupa inayofaa kwa mpini wa kisu ni michache.

Mfupa mrefu wa mguu wa mbele wa ng'ombe, ule ulio juu ya kwato, ndio bora kwa visu vidogo na vya kati. Ni mpana na bapa kuliko ule wa mguu wa nyuma, ambao ukiukata una umbo la mraba na mfereji uliozama upande wa mbele. Mifupa yote miwili ina mstari katikati kwa urefu wake, kwani ni mifupa miwili iliyoungana kuwa mmoja. Mstari huo usiwe katikati ya kibao chako. Kata pembeni yake, kwa sababu ndani kuna ukuta mwembamba na vitundu vya mishipa ambavyo vitatokea ukisugua.

Mfupa wa muundi una uso mmoja ulionyooka na ni mrefu, kwa hiyo hutoa vibao vya sentimita 12 na zaidi bila taabu. Mfupa wa paja ni mnene lakini umeviringana. Ukitaka kuufanya bapa unapoteza sehemu kubwa na kuikaribia ile nyama ya ndani yenye sponji. Mbavu na bega ni nyembamba mno. Mifupa ya mbuzi iachie mchuzi.

Kutokana na mfupa wa juu ya kwato usitegemee kibao chenye uso bapa wa zaidi ya milimita 20 hadi 25. Mteja akitaka mpini mpana wa kisu cha kuchinja, chora mpini wenye kola ya chuma au mbao mbele na mfupa nyuma, au tumia muundi. Kulazimisha kipande chembamba kukaa kwenye mkia mpana wa chuma ndiko kunakoleta kingo za milimita 1 au 2 zinazovunjika kisu kikianguka sakafuni. Baada ya kumaliza kusugua, ukingo usiwe chini ya milimita 3.

Umri wa mnyama unaonekana. Ukichemsha na kichwa cha mfupa kikajitenga chenyewe, ng'ombe alikuwa mchanga, na mfupa wake una vitundu vingi na ukuta mwembamba. Mfupa wa ng'ombe mzee ni mzito mkononi, na ukuta wake ukiukata ni mweupe na umeshikana kote.

Jambo moja halina mjadala: usichukue mfupa wa kibudu, hata ukipewa bure. Mnyama aliyekufa mwenyewe huenda alikuwa na kimeta, na mbegu za kimeta hustahimili sufuria ya kuchemsha. Chukua mifupa ya mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa na daktari wa mifugo, vaa glavu wakati wa kuisafisha, na vaa barakoa ya vumbi ya aina ya FFP2 kila unapokata au kusugua. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga wa mfupa.

Madoa ya njano, kunata, harufu ya mafuta yaliyochacha

Mpini ulikuwa mweupe, baada ya miezi miwili unageuka njano kutoka ndani na unanata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Hayo ni mafuta ya uboho yaliyobaki ndani ya mfupa. Kung'arisha juu hakusaidii, yatapanda tena.

Njia inayofanya kazi ni hii. Kata ncha zote mbili za mfupa ili uboho utoke, sukuma kwa waya, suuza. Loweka kwenye maji baridi siku moja hadi mbili ukibadilisha maji. Kisha weka kwenye sufuria ya maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo kwa kila lita, na upashe moto hadi vipovu vidogo vianze kupanda bila maji kutokota, yaani nyuzi 70 hadi 80. Kaa hapo saa mbili au tatu, ukitoa mafuta yanayoelea juu. Rudia kwa maji mapya mpaka mafuta yasionekane tena.

Usiache maji yatokote kwa saa nyingi. Kolajeni hugeuka gelatini, ile ile inayofanya supu ya kongoro igande, na mfupa unaobaki ni chaki: unang'aa siku ya kwanza na kuvunjika kama biskuti wiki ya pili.

Baada ya sabuni, kwa vibao vilivyokwisha katwa na kukauka, asetoni hutoa yaliyobaki. Tumbukiza kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko, nje ya nyumba, mbali na moto wowote, saa 24 hadi 48. Asetoni ikigeuka njano, mimina na uweke nyingine. Petroli isitumike: huacha harufu na mabaki yanayozuia gundi, na mvuke wake umechoma karakana nyingi.

Kuhusu weupe: javeli hapana. Inakula kolajeni na kuacha uso wa unga. Nunua famasi maji ya peroksaidi ya haidrojeni yaliyoandikwa "10 volumes", ambayo ni asilimia 3, loweka vibao saa 12 hadi 24 kivulini, na chombo kisifungwe kwa nguvu kwa sababu gesi hujikusanya. Suuza, kausha upya, pima tena. Ukianza na peroksaidi kabla ya kutoa mafuta utapata weupe wa wiki mbili tu.

Mpini umegeuka rangi ya machungwa

Ni mawese. Kisu cha jikoni kinachokatia sombe (majani ya muhogo) na kuguswa na mikono yenye mawese hunyonya rangi hiyo kupitia vitundu vya mfupa. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kausha, pangusa kwa pamba yenye peroksaidi ya asilimia 3, kisha weka karibu na dirisha lenye mwanga siku kadhaa, kwani rangi ya mawese hufifia ikipigwa na mwanga. Ili isirudi, ziba vitundu kwa supaglu nyepesi sana: tandaza tabaka jembamba, subiri ikauke, sugua kwa msasa namba 600, rudia mara mbili au tatu. Na mwambie mteja asipake mpini mafuta ya kupikia ya aina yoyote. Nta kidogo inatosha.

Kibao kimeachia chuma

Ondoa kibao na usome gundi imebaki wapi. Ikibaki yote kwenye chuma na mfupa uko safi, mfupa ulikuwa na mafuta au ulisuguliwa hadi ukawa laini mno. Ikibaki yote kwenye mfupa, chuma kilikuwa na mafuta ya kidole au hakikukwaruzwa. Ikiwa imegawanyika pande zote mbili na ni laini kama mpira, haikukomaa.

Hii ya mwisho ndiyo yetu sisi watu wa Katanga. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya nyuzi 10, na epoksi nyingi haziwezi kukomaa vizuri chini ya nyuzi 15. Fundi anabandika saa kumi na moja jioni, anabana klampu, asubuhi anaona gundi imekuwa ngumu juu na kuanza kusugua. Ndani haijamaliza. Tumia katoni iliyofungwa yenye balbu ndogo. Umeme ukikatika, chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kitambaa ndani ya katoni hiyo hutunza joto kwa saa kadhaa. Saa 24 kamili kwenye nyuzi 20 hadi 25 kabla ya kugusa msasa.

Chagua epoksi ya mirija miwili inayokomaa polepole. Ile ya dakika tano ni ya kushikilia kitu kwa muda, haivumilii maji na joto kwa miaka. Pima sehemu zake kama mtengenezaji alivyoandika. Kuongeza kigumu "ili ishike haraka" huifanya iwe dhaifu. Kwaruza chuma kwa msasa namba 60 au 80, upande wa ndani wa mfupa kwa namba 80 hadi 120 juu ya kioo kilicholala bapa, pangusa vyote kwa asetoni, na usiguse tena kwa kidole. Toboa matundu matatu au manne ya ziada kwenye mkia wa chuma ili gundi ya upande mmoja iungane na ya upande mwingine. Klampu ibane hadi gundi itoke kidogo pembeni, si zaidi. Ukibana kwa nguvu zote unaikamua gundi yote nje, na kinachobaki ni mfupa mkavu juu ya chuma kikavu.

Kuna sababu moja iliyojificha. Unapokata kichwa cha pini kwa mashine, pini hupata moto na kuupeleka moja kwa moja kwenye gundi. Epoksi ya kawaida huanza kulainika karibu na nyuzi 60. Shaba hupitisha joto kwa kasi kuliko chuma cha inoksi (kisichoshika kutu), kwa hiyo tatizo huonekana zaidi kwa wanaopenda pini za shaba. Kata kwa msumeno wa mkono, maliza kwa tupa, na kila mara shika pini kwa kidole: ikikuchoma, simama.

Ufa unaoanzia kwenye pini

Pini ya milimita 4 iingie kwenye tundu la milimita 4.1 au 4.2, ikisukumwa kwa kidole. Ikihitaji nyundo, mfupa umeshaanza kufa. Mafundi waliozoea mbao ngumu hugonga kichwa cha pini ili kipanuke na kubana. Kwenye mfupa usifanye hivyo, acha gundi ishike. Weka tundu mbali na ukingo angalau mara mbili ya unene wa pini, toboa kwa ncha kali na mwendo wa polepole, na weka ubao chini ya kibao ili upande wa kutokea usimeguke. Toa drili kila milimita 2 uondoe unga.

Duara la kijani kuzunguka pini

Mji huu una shaba kila kona, na ni rahisi kutengeneza pini kutoka kwenye fimbo au waya mnene wa shaba. Inapendeza sana kando ya mfupa mweupe. Lakini shaba ikikutana na mafuta yaliyobaki na jasho la mkono hutoa chumvi ya kijani inayoingia ndani ya mfupa, na shaba ya njano hufanya vivyo hivyo kwa polepole zaidi. Doa likiwa la juu tu litaondoka kwa msasa. Likiwa limezama, halitoki. Usijaribu siki wala ndimu, kwa sababu tindikali huyeyusha madini ya mfupa na kuacha shimo laini. Kinga ni mbili: toa mafuta vizuri, na paka ndani ya tundu supaglu nyepesi kisha uiache ikauke, pitisha drili tena kwa mkono, ndipo uweke pini na epoksi. Asiyetaka wasiwasi atumie inoksi.

Michirizi ya kahawia na harufu ya nywele zilizoungua

Msasa umechakaa au mashine inaenda kasi. Badilisha msasa mapema kuliko unavyopenda, sugua kwa mguso mfupi, pumzisha. Sehemu iliyoungua huwa na nyufa ndogo zisizoonekana, kwa hiyo ondoa nusu milimita chini ya rangi ya kahawia, usiishie rangi inapopotea. Mpangilio wa msasa: 120, 220, 400, 600, 1000, na 2000 ukitaka mng'ao wa kioo. Kung'arisha kwa mwisho tumia dawa nyeupe. Ile ya kijani au nyeusi huingia kwenye vitundu na kubaki humo.

Vitundu na alama za sponji zinatokea unaposugua

Umefika ndani ya ukuta. Kwa vitundu vichache, jaza unga wa mfupa ule ule na tone la supaglu, sugua. Ikiwa eneo ni kubwa kuliko ukucha, tupa kibao hicho. Kuchovya mfupa mnene kwenye utomvu wa plastiki kwa pampu ya kuvuta hewa, kama wanavyofanya kwa mbao laini, hakuleti faida kubwa: utomvu haupenyi.

Rangi imeshika mabaka

Mafuta tena, au mng'ao uliotangulia. Tia rangi baada ya msasa namba 400 na kabla ya 600. Chai nyeusi iliyokolea, nyuzi 60, saa sita hadi siku nzima, hutoa rangi ya mfupa wa zamani. Permanganeti ya famasi, chembe chache kwenye glasi ya maji, huanza zambarau na kugeuka kahawia baada ya dakika kadhaa. Vaa glavu. Kausha upya wiki moja kabla ya kubandika, kwa sababu umerudisha maji ndani.

Kibao cha pembe ya ng'ombe kinapinda au kuchanika matabaka

Pembe ni keratini, ndugu wa ukucha, na kanuni zake ni nyingine. Ili kuifanya bapa huchemshwa kwenye maji nusu saa na kubanwa kati ya mabamba mawili ya chuma hadi ipoe kabisa. Tatizo ni kwamba inakumbuka umbo lake: ikipata moto wa mashine, inarudi kujikunja. Iache imebanwa siku kadhaa, ikauke miezi mitatu au zaidi, na isugue polepole. Tabaka likifunguka pembeni, supaglu nyepesi huingia yenyewe, kisha banisha. Sehemu ngumu ya ncha ya pembe ndiyo salama kuliko zote kwa mpini mzima unaotobolewa katikati.

Vishimo vidogo vyenye unga ni wadudu wanaokula keratini. Fungia kipande kwenye mfuko na ukiweke kwenye friza wiki mbili kabla ya kukitumia, na usiweke pembe ghafi kwenye rafu moja na mipini iliyomalizika.

Umeletewa kipande cheupe, unaambiwa ni cha ndovu

Au mteja anaomba mpini wa pembe ya ndovu kwa sababu aliuona kwenye kisu cha babu yake. Jibu letu ni moja, nalo halibadiliki kwa bei: hapana. Ndovu analindwa kikamilifu nchini, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile ya asili inaadhibu kumiliki na kuuza viungo vyake. Kimataifa, ndovu wa Kongo, kama wa Zambia upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa, wako kwenye Kiambatisho cha I, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uamuzi uliofanywa mwaka 1989. Marekani ilifunga karibu biashara yote ya pembe hizo mwaka 2016, China ilifunga soko lake mwisho wa 2017, na Uingereza ina sheria yake ya mwaka 2018. Kisu kama hicho hakiwezi kuvuka uwanja wa ndege bila kumtia matatani aliyekibeba. Na ndovu wachache wa Upemba, waliobaki katika Katanga yetu, ni wetu sote.

Maneno "ni ya wakati wa Mbelgiji" si hati. Meno ya kiboko nayo yako kwenye Kiambatisho cha II, kwa hiyo nayo yanahitaji vibali. Usiyachukue kama mbadala wa haraka.

Kutambua kipande, kata ncha iwe safi na uisugue hadi namba 1000, kisha tazama kwa lenzi. Mfupa unaonyesha vidoti vidogo kwenye uso uliokatwa kwa upana, na michirizi mifupi ya giza kwenye uso wa urefu: hiyo ni mifereji ya damu. Pembe ya ndovu haina vidoti hivyo. Kwenye uso wa upana ina makundi mawili ya mistari iliyopinda inayokatana, na karibu na ukingo wa nje pembe kati ya mistari hiyo huzidi nyuzi 115. Kwa mamothi, mnyama aliyetoweka anayechimbwa Siberia, mara nyingi iko chini ya 90. Jino la kiboko lina duara nyembamba zinazofuatana. Plastiki haina chochote, au ina vipovu. Uzito hautakusaidia, kwa kuwa mfupa na pembe ya ndovu vinakaribiana. Sindano ya moto huyeyusha plastiki lakini usiitumie kwa kitu cha zamani: seluloidi hushika moto mara moja.

Anayetaka ule weupe wa maziwa apewe muundi wa ng'ombe mzee, uliotolewa mafuta, ukasafishwa kwa peroksaidi, ukang'arishwa hadi 2000 na kuchovywa kwenye chai hafifu kwa dakika kumi. Mkononi ni baridi vile vile, na unastahimili.

Kurekebisha bila kuvunja kisu

Ufa mwembamba usiofika kwenye pini hurekebishika. Subiri kiangazi, acha kisu mahali pakavu wiki mbili ili ufa ufunguke kikomo chake, dondosha supaglu nyepesi iingie yenyewe, nyunyiza unga wa mfupa, acha saa kadhaa, sugua. Ufa unaopita kwenye pini au unaosogea ukiubonyeza, toa kibao. Funga ukali wa kisu kwa kitambaa na mkanda, toboa pini kwa drili ndogo kidogo kuliko pini yenyewe, kisha pasha mpini kwenye maji ya nyuzi 80 hadi 90 kwa dakika kumi. Epoksi italainika, na kabari ya mbao itatosha kutenganisha. Joto hilo haliharibu ugumu wa chuma kilichorudishwa moto kwa nyuzi 180 au zaidi, lakini moto wa gesi ulioelekezwa moja kwa moja utauharibu. Kausha chuma mara moja, kwaruza gundi ya zamani yote, na pima kibao kipya kwenye mizani kabla hujakibandika.